Kile cha Ngomeni

Ilikuwa Ijumaa usiku, tarehe 25 Machi 1988, na maji yalikuwa mafu. Nayakumbuka maji kwa sababu babu alikuwa nyumbani. Lingekuwa bamvua, siku za maji makubwa, angekuwa baharini. Nilikuwa na miaka tisa. Alituamsha mimi na dada yangu saa nne unusu, akatufunga leso mabegani, tukateremka hadi ufuoni Ngomeni, pwani ya Kenya karibu na Malindi, ambako nusu ya kijiji ilikuwa imekwisha kaa mchangani. Mwezi wa nusu ulikuwa nyuma yetu, umeanza kushuka. Mbele yetu, mbali kidogo, taa za majukwaa mawili ya chuma zilikuwa zimesimama juu ya bahari. Wavuvi walikuwa wameshaonywa tangu mapema wasipite upande ule.

Saa tano kasoro dakika kumi, bahari ikageuka rangi ya shaba. Mwanga ulikuja peke yake, kimya kabisa, tukaweza kuonana nyuso. Babu akaanza kusoma Alhamdu kwa sauti ya chini, na alikuwa amefika amin ngurumo ilipotufikia. Niliisikia kwenye nyayo kabla ya masikio. Kisha cheche moja ikawa inapanda kuelekea mashariki, inalala, inalala, mpaka ikawa nyota, mpaka ikawa hakuna.

"Kimekwenda kupima upepo," babu akasema.

Nikamuuliza upepo gani, maana kaskazi ilikuwa imeshalegea na kusi haijaingia, tulikuwa kwenye maleleji. Akanyoosha kidole juu moja kwa moja. "Ule wa huko." Alikuwa ameambiwa na jirani yetu mmoja aliyekuwa akiendesha mashua ya kupeleka watu na vitu jukwaani. Mimi nilidhani wamemtania mzee.

Hawakumtania. Leo mimi ni mwalimu wa fizikia, na kila nikifika kwenye mada ya angahewa naona nina deni la kueleza alichosema babu usiku ule kwa maneno machache hivyo. Makala hii ni sehemu ya kulilipa.

Kile tulichokiona kikipaa ilikuwa setilaiti iitwayo San Marco D/L, na roketi iliyoibeba ilikuwa ya Kimarekani, Scout, ndefu mita 23 hivi, yenye hatua nne za mafuta makavu. Ilikuwa setilaiti ya tisa kurushwa kutoka majukwaa yale, na ndiyo ya mwisho. Tangu usiku ule hakuna iliyorushwa tena pale. Ya kwanza ilikuwa San Marco 2, tarehe 26 Aprili 1967. Katikati yake kuna ile ambayo Wakenya wengi wanaijua, Uhuru, iliyoruka tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ikapewa jina la Kiswahili na Marjorie Townsend, mhandisi wa NASA aliyeongoza kazi yake. Uhuru ilitafuta miale ya eksirei kutoka nyota za mbali, na imepata sifa inazostahili. Lakini mimi nina upendeleo wangu, na sitauficha. Uhuru iligeuza macho yake mbali na sisi. Setilaiti nne za San Marco zilizoruka kutoka Ngomeni zilikwenda kupima hewa iliyo juu ya vichwa vyetu wenyewe, juu ya Ngomeni, Kisumu, Kampala na Mbandaka. Hizo ndizo ambazo karibu hakuna anayezisimulia.

Wazo lote lilikuwa la mtu mmoja, Luigi Broglio, afisa wa jeshi la anga la Italia na profesa wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Roma. Mwaka 1962 Italia na NASA walikubaliana: Wamarekani watoe roketi na mafunzo, Waitaliano watengeneze setilaiti na mahali pa kuzirushia. San Marco ya kwanza ilirushwa na wahandisi wa Kiitaliano kutoka Wallops, Virginia, Desemba 1964, ili kujaribu mambo. Kisha wakaja kwetu. Jukwaa moja, San Marco, ndilo lililobeba roketi. La pili, Santa Rita, lilikuwa jukwaa la kuchimbia mafuta, likafanywa chumba cha kuongozea. Kati yao zililazwa nyaya chini ya bahari.

Kwa nini Ngomeni? Kwa sababu ya ikweta. Pale tuko nyuzi tatu tu kusini yake. Ukirusha roketi kuelekea mashariki kutoka mahali kama pale, mzunguko wa dunia wenyewe unakusukuma kwa karibu mita 465 kila sekunde, na setilaiti inakaa juu ya ikweta bila kuhangaika kubadili njia. Mbele yako ni Bahari ya Hindi tupu, hakuna mtu wa kuangukiwa na vipande vya roketi. Na kwa aliyetaka kupima hewa ya juu ya ikweta, kulikuwa na faida nyingine kubwa zaidi. Setilaiti za njia nyingine hukatiza ikweta mara moja na kuondoka. Hizi zilibaki nayo. Zilitoka juu ya pwani yetu zikavuka bahari hadi Sumatra na Borneo, zikapita Pasifiki, Ekuado, mlango wa mto Amazon, Ghuba ya Guinea, Gabon, Kongo, Uganda, na kabla ya saa mbili kwisha zikawa juu yetu tena. Mchana, jioni, usiku, alfajiri, mstari ule ule.

Tulifundishwa kwamba hewa huisha kilomita 100 hivi kutoka ardhini, na ndiyo maana huko panaitwa anga za juu. Hewa haikati namna hiyo. Inazidi kuwa nyepesi, taratibu, kilomita mia baada ya mia. Kwenye kilomita 200 imebaki chini ya sehemu moja ya bilioni ya hii tunayovuta. Kwa mtu, hapo hapana hewa. Lakini kwa chombo kinachokwenda karibu kilomita 8 kwa sekunde, mwendo wa kutoka Malindi hadi Mombasa kwa sekunde kumi na tano hivi, hapo pana upepo wa mbele usiokoma. Na huo upepo una tabia zake. Jua likiupiga mchana hewa inavimba na kupanda juu, usiku inasinyaa. Jua likiwa na machafuko, inavimba zaidi. Mabaharia wetu walikuwa na majina ya pepo zote za baharini, matlai, kusi, kaskazi, umande. Huu wa juu haukuwa na jina, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ulikuwa haujapimwa vizuri na mtu yeyote.

Njia iliyokuwepo ilikuwa ya kukisia. Unaitazama setilaiti siku baada ya siku, unaona imeshuka kiasi gani, kisha unapiga hesabu ya hewa iliyoishusha. Ni kama kujua ukali wa upepo kwa kuangalia mashua imechelewa siku ngapi kufika. Unapata wastani, lakini hujui upepo ulivuma wapi wala saa ngapi.

Broglio alitengeneza mizani. Huwa naieleza darasani kwa nazi. Chukua nazi ambayo haijafuliwa: nje kuna kumbi, jepesi, ndani kuna kifuu, chenye uzito wote. Sasa tenganisha kumbi na kifuu pande zote, visigusane popote, halafu uviunganishe tena kwa vijiti vyembamba vya chuma vinavyonesa. Itupe nazi hiyo kwenye upepo. Upepo unalisukuma kumbi peke yake, maana ndilo lililo nje. Kifuu hakiuoni upepo, kinataka kuendelea na mwendo wake. Kumbi linabaki nyuma kidogo, kidogo sana, vijiti vinapinda, na kule kupinda ndiko kunakopimwa. Umeshaupima upepo, pale pale, dakika ile ile.

Setilaiti nzima ilikuwa mizani. Hakukuwa na chombo kilichopachikwa juu yake kupima hewa. Umbo lake lenyewe lilikuwa ndicho kipimo. Kwa mtu anayependa ufundi hilo linatosha kumkosesha usingizi. San Marco 2 ilikuwa tufe la kipenyo cha sentimita 66 hivi, lenye kilo 129. Mwaka jana nilikaa na kidato cha tatu tukapiga hesabu: tufe la ukubwa huo, kilomita 200 juu, linasukumwa na hewa kwa nguvu kiasi gani? Ikatoka chini ya uzito wa gramu moja. Mmoja wa wasichana akatoka kwenda jikoni la shule, akarudi na mchele mkononi, tukahesabu punje juu ya mizani ya maabara. Kitu cha kilo 129, kinakwenda kasi kuliko risasi, na mtu wa Roma ameketi jukwaani Ngomeni akisoma msukumo wa punje chache za mchele.

Setilaiti ya usiku wetu, ya 1988, ilibeba vyombo vitano: mizani ya Broglio, na vingine vya Wajerumani na Wamarekani vya kupima mwanga wa jua na wa angahewa, upepo na joto, mwendo wa chembe za umeme, na nguvu ya umeme wenyewe. Hivi viwili vya mwisho ndivyo vinavyonirudisha kwa babu, na hasa kwa redio yake.

Babu alikuwa na redio ya betri nne, iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli kwa sababu mfuniko wa betri ulipotea. Antena yake ilikuwa waya uliofungwa kwenye mnazi. Kila jioni baada ya magharibi alitafuta idhaa za Kiswahili za London na Ujerumani kwenye masafa mafupi, na sisi wajukuu tulikaa chini kimya. Miezi mingine sauti ilikuja safi. Lakini ilikuwako miezi, Machi na Aprili ikiwa mibaya kuliko yote, ambapo msomaji wa habari alianza kutetemeka. Sauti haikuondoka, ilikatika katika vipande vidogo vidogo, kama mtu anayezungumza mbele ya panga la feni. Babu alishika waya kwa mkono, akauinua, akaushusha. "Mawimbi yamechafuka," alisema, kama anavyosema mvuvi kuhusu bahari. Dada yangu akinyoosha mkono kuzima ili betri zisiishe, alimzuia. "Usizime, mjukuu wangu. Itarudi."

Miaka mingi baadaye nilijifunza kwamba neno lake lilikuwa sahihi. Jua linapopiga hewa ya juu hung'oa elektroni kutoka kwenye chembe zake, na hewa hiyo yenye umeme, iitwayo ayonosfia, hurudisha chini mawimbi ya masafa mafupi kama dari inavyorudisha sauti. Ndiyo maana London ilifika Ngomeni bila waya. Jua likizama, sehemu ya chini ya dari hiyo hufifia upesi, lakini karibu na ikweta ya sumaku, mstari wa katikati wa sumaku ya dunia, nguvu ya umeme huinyanyua sehemu ya juu. Inakuwa kizito kimekaa juu ya chepesi. Umewahi kumimina maji juu ya mafuta ukaona mafuta yanavyopenya kupanda kwa matone? Ndivyo ilivyo huko. Mapovu makubwa ya ayonosfia nyepesi hupasua kwenda juu, mamia ya kilomita, na kila wimbi la redio linalopita humo hutoka limevurugika. Afrika Mashariki ikweta ya sumaku inapita juu ya Ethiopia, lakini mapovu hujinyoosha kaskazini na kusini kufuata mistari ya sumaku mpaka juu ya pwani yetu. Na hushamiri hasa wakati usiku na mchana vinapolingana: Machi na Aprili, Septemba na Oktoba.

San Marco D/L iliruka tarehe 25 Machi. Ilipita katikati ya mapovu hayo, na vipimo vyake vya umeme vilitumiwa na watafiti kueleza jinsi yanavyopanda. Yaani katika juma lile lile ambalo babu alikuwa ameshika waya wa mnazi akiisaka London, juu yake kilipita chombo kilichotoka ufuoni kwake, kikipima kitu kile kile kilichokuwa kikiichafua redio. Watu wawili wa kazi moja, na hakuna aliyewajulisha.

Hilo linaniuma. Shule ya msingi niliyosoma ilikuwa mwendo wa miguu kutoka pwani ile. Kwa miaka minane hakuna somo hata moja lililotaja majukwaa. Tuliyaona kila siku. Tulijua mpishi wake, tulijua mashua zake, tulijua maneno ya Kiitaliano ya kuombea peremende. Hakuna aliyetuambia kwamba pale ndipo hewa ya ikweta ilipopimwa. Vipimo vilikwenda Roma na Marekani, na huko vimezaa kazi nzuri ambayo nimeisoma kwa shukrani. Nasema tu kwamba mtoto wa Ngomeni alistahili kusikia.

Mambo yanabadilika, tena kwa mikono yetu. Leo watafiti wa vyuo vikuu vya Nairobi, Maseno na Makerere wanachunguza ayonosfia ya Afrika Mashariki kwa vipokezi vya GPS. Na haja imekuwa kubwa zaidi kuliko siku za masafa mafupi. Simu yako, ndege inayotua, mpimaji wa ardhi na kifaa chake, vyote vinasikiliza setilaiti ambazo mawimbi yake lazima yapite kwenye mapovu yale yale.

Na ule upepo wa mbele nao haujaacha kufanya kazi. Februari 2022 SpaceX ilirusha setilaiti 49 za Starlink. Siku ya pili dhoruba ya jua ikaifanya hewa ya juu ivimbe, na kampuni ikatangaza kwamba hadi 40 kati yake zingepotea. Zilikuwa chini mno, upepo ukazishinda. Desemba 30, 2024, pete ya chuma ya kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Makueni, na Shirika la Anga la Kenya likasema ni kipande cha chombo cha kurushia. Watu walisimama kuizunguka wakipiga picha. Vyuma kama hivyo vikiachwa juu, hewa ile nyepesi huvivuta chini kidogo kidogo, mzunguko kwa mzunguko, na kujua vitaanguka lini kunategemea kuijua hewa hiyo.

San Marco D/L yenyewe ilimalizwa na kitu ilichokwenda kupima. Jua lilikuwa likipanda kuelekea kilele chake cha 1989, hewa ikizidi kuvimba, na tarehe 6 Desemba 1988 setilaiti ikaungua ikirudi. Haikufikisha miezi tisa.

Babu hakujua. Hakuna aliyeniambia mimi pia, na nilikuja kuiona tarehe hiyo nikiwa mtu mzima, nikiandaa somo. Babu alikuwa amefariki mwaka 2003. Kwa miaka yote kumi na mitano kati ya hapo, kila tukikaa nje usiku na nyota moja ikaonekana inatembea, alinyoosha kidole. "Kile pale, kile chetu cha Ngomeni." Watoto wa jirani walikuja kuonyeshwa. Hata mama yangu, aliyekuwa mgumu kuamini lolote, alitoka jikoni kutazama. Ilikuwa imeshakuwa vumbi na moshi siku nyingi, imechanganyika na upepo. Ningeijua tarehe ile babu akiwa hai, nisingemwambia.

Majukwaa yamebaki baharini, yanakula kutu. Kituo cha nchi kavu bado kinafanya kazi. Madishi yake hupokea data za setilaiti, zikiwemo za Swift ya NASA, inayowinda milipuko ya mbali angani. Na huko Malindi kuna kipokezi cha GPS kiitwacho MAL2, kimoja katika mtandao wa dunia nzima, na faili zake ziko wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Ndizo ninazotumia darasani siku hizi.

Jioni moja ya Machi tulichukua faili ya siku ile na kuchora mawimbi ya setilaiti moja, mimi na yule msichana wa mchele. Tangu alasiri mstari ulikuwa laini. Jua likazama, ukaendelea kuwa laini. Saa mbili na dakika chache za usiku ukaanza kutetemeka, juu chini, juu chini, mpaka msichana akadhani programu imekosea na akataka kuifunga aanze upya. Nikamshika mkono. Tukausogeza mchoro mbele, dakika kumi, ishirini, arobaini. Bado unatetemeka. Nikamwambia usifunge, itarudi, na kabla ya saa tatu mstari ukatulia.